Kupakia pikipiki ya theluji kwenye pikapu: maelezo ya utingo wa zamani

Kabla sijahamia Moorhead, Minnesota, nilikuwa utingo miaka sita kwenye malori ya Dar kwenda Tunduma. Nimepakia saruji, mbolea, viazi vya Njombe, mabati, makabati ya watu wanaohama. Nimeshuka mteremko wa Kitonga nikiwa nimekalia mzigo niliofunga kwa mikono yangu mwenyewe, na hapo ndipo mtu anapojua kama fundo lake ni fundo au ni pambo. Kwa hiyo niliponunua pikipiki ya theluji kwa mzee mmoja kule karibu na Detroit Lakes, kilomita sabini na kitu mashariki ya hapa, sikuona haja ya kumuuliza mtu namna ya kuibeba. Nikatia kamba ya manila nyuma ya siti, nikampitia jirani yangu Mkongo wa Uvira, tukaondoka.

Ndani ya saa mbili nilifanya makosa matatu ambayo kwenye lori ningefukuzwa kazi kwa moja tu. Nayaeleza hapa kwa sababu kila majira ya baridi Waswahili wenzangu wa huku wananipigia simu kuniuliza jambo hilohilo, na nimechoka kurudia.

Kwa ambaye hajaiona kwa macho: mbele ina skii mbili za kuelekezea, zinazogeuzwa kwa usukani kama wa bodaboda. Nyuma haina gurudumu, ina mpira mpana wenye meno unaozunguka kama mnyororo wa katapila. Mpira huo nitauita traki. Yangu ni Polaris Indy ya mwaka 1998, na kiwanda chao kiko Roseau, humuhumu Minnesota, karibu na mpaka wa Kanada. Ikiwa na mafuta ina kilo 220 hivi. Wenyeji huku wanaiita sledi, nami nitafuata wenyeji.

Pima kwanza. Pikapu yangu ni Ford F-150 yenye bodi la futi 6 na nusu, yaani karibu mita 2. Sledi ina mita 2.8. Maana yake mlango wa nyuma haufungiki, unabaki umelala wazi na kuongeza kama sentimita 55 za sakafu, na bado mkia wa sledi unachungulia nje kidogo. Hilo linakubalika. Mwenye bodi la futi 8 amepumzika. Mwenye bodi la futi 5 na nusu, ambalo ndilo linalouzwa sana siku hizi kwa sababu watu wanataka kabini kubwa, ajue kwamba sehemu kubwa ya traki itakalia mlango wa nyuma, na mlango huo unashikiliwa na nyaya mbili tu. Zikague. Kama zimeanza kutoa nyuzi au zimekula kutu pale zinapoingia kwenye bati, zibadilishe kabla hujafikiria kupakia. Uzito unaokaa pale ukiwa umesimama si sawa na uzito unaorushwa kwenye shimo la barabarani.

Upana nao una maneno. Pikapu kubwa za Kimarekani zina kama sentimita 128 katikati ya yale manundu ya matairi ndani ya bodi. Sledi yangu, ukipima ukingo wa nje wa skii moja hadi wa nyingine, ina sentimita 117. Inaingia na nafasi ya vidole vichache kila upande. Lakini kwa pikapu ndogo kama Toyota Tacoma za miaka ya nyuma, zenye kama sentimita 105 tu kati ya manundu, skii za sledi ya kawaida hazipiti. Watu wenye hizo hutandika jukwaa la mbao juu ya manundu, au hukodi tela. Usijaribu kuilaza upande ili ipite. Nimeona mtu akifanya hivyo, na petroli ikamwagika mpaka kwenye taa za nyuma.

Uzito wenyewe ni jambo dogo. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko kinachoonyesha jumla ya kilo au pauni za watu na mzigo ambazo gari halitakiwi kuzidisha. Jumlisha sledi, wewe, abiria wako na majaba ya mafuta. Kwa pikapu nyingi utabaki na akiba kubwa.

Sasa rampu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaoumia kwa sledi na pikapu wengi nawaona wanaumia gari likiwa limesimama.

Mlango wa nyuma wa pikapu yangu uko sentimita 90 kutoka ardhini. Siku ile tuliazima kwa yule mzee rampu ya aluminiamu ya mita 1.8. Ukiiegemeza hapo unapata mteremko wa nyuzi 30, ukali wa paa la nyumba. Rampu ya mita 2.4 inaushusha hadi nyuzi 22. Na hiyohiyo ya mita 2.4, ukirudisha gari matairi ya nyuma yakaingia kwenye mtaro mkavu au bonde dogo linalolishusha sentimita 30, unabaki na nyuzi 14 au 15, na hapo hata mtu wa makamo anasukuma. Ndiyo maana wenyeji wanapofika kwa mwenye sledi huanza kuzungukazunguka uwanja kama watu waliopoteza funguo. Wanatafuta kilima. Tuta la theluji lililokusanywa na greda ni zuri kuliko rampu yoyote, mradi liwe limeshindiliwa likagandamana. Rudisha gari mpaka mlango uguse tuta, na kazi imekwisha nusu.

Sisi hatukutafuta kilima. Niliegemeza ile rampu fupi, nikawasha sledi, nikapanda juu yake, nikatia moto. Skii zikapanda vizuri. Zikafika kwenye mlango. Ndipo traki ikaikamata rampu.

Fikiria traki inavyofanya kazi: ili sledi iende mbele, meno yale yanasukuma nyuma chochote kilicho chini yake. Kwenye theluji, theluji inasukumwa. Kwenye rampu, rampu inasukumwa. Na mimi sikuwa nimeifunga rampu popote. Ilichomoka chini yangu kama mkeka uliovutwa, ikaruka hadi kwenye ukuta wa banda la mzee. Sledi ikadondoka, tumbo likakalia ukingo wa mlango, skii ndani, mkia chini. Mimi nilikuwa chali kwenye theluji. Nilichosikia ni sauti ya jirani yangu: "Yaya, ile kitu nilikuambia!" (Yaya kwao ni kaka mkubwa.) Kweli alikuwa ameniambia. Nilimjibu kwamba nimefunga mizigo tangu yeye yuko shule.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Kwa hiyo: rampu ifungwe kwenye gari. Rampu nyingi zina matundu au pete upande wa juu kwa kazi hiyo. Pitisha mkanda au mnyororo kwenye pete, uteremshe chini ya bampa, uufunge kwenye kile kichwa cha kuvutia tela au kwenye fremu, kisha ukaze mpaka rampu isicheze ukiipiga teke. Kazi hii ni ya dakika moja. Hakikisha pia meno ya juu ya rampu yamekaa yote kwenye mlango, si nusu.

Jambo la pili kwenye rampu ni chini ya skii. Kila skii ina ufito wa chuma kigumu unaosaidia kukata kona kwenye barafu. Ufito huo haupendi aluminiamu. Unakwaruza, unanasa kwenye vijiti vya rampu, halafu unachomoka ghafla. Duka za sledi zinauza mikanda ya plastiki ngumu ya kupigilia kwenye rampu na kwenye sakafu ya bodi ili skii ziteleze. Mimi nimepigilia yangu kwenye mbao mbili ndefu ninazozilaza ndani ya bodi, nikimaliza nazitoa. Kama traki yako imepigwa njumu za chuma, tandika mbao na katikati pia, la sivyo sakafu ya bodi itakuwa kama chekeche.

Na la tatu: usiipandishe sledi kwenye rampu ukiwa umeikalia. Najua utawaona wenyeji wanafanya hivyo, wanapanda na kusimama kwa madaha. Wengine kati yao wana kioo cha nyuma cha kabini kilichobadilishwa, waulize. Traki ikitoka kwenye chuma chenye unyevu na kukamata mpira wa sakafu, sledi inaruka mita nzima kabla kidole hakijaachia moto, na mita nzima ndiyo iliyobaki kati yako na kioo. Nimenunua winchi ya mkono, ile ya kupampu kwa mpini, bei yake haifiki ya matairi mawili. Naiweka mbele kwenye bodi, imefungwa kwenye pete zote mbili za pembeni, ndoano yake naiingiza kwenye mkanda uliozunguka miguu ya skii zote mbili. Mtu mmoja anapampu, mwingine anaelekeza usukani akiwa amesimama ubavuni, kamwe si nyuma. Injini imezimwa. Dakika nne au tano sledi iko juu, na hakuna aliyepaza sauti.

Iingize kichwa kikiwa mbele. Injini iko mbele, kwa hiyo uzito unakaa karibu na kabini, juu ya ekseli ya nyuma badala ya kuning'inia. Isitoshe boneti na kioo cha sledi vimetengenezwa kupigwa na upepo wa mbele. Ukiigeuza, upepo wa kilomita 100 kwa saa unaingia kwa nyuma ya kioo na chini ya boneti, na zile klipu za mpira za boneti ya mwaka 1998 hazikuwahi kuahidi kitu kama hicho.

Tufike kwenye kufunga, kazi yangu ya zamani. Kosa langu la pili lilikuwa kamba ya manila, na hasa pale nilipoipitisha: juu ya siti, kushoto kwenda kulia, mara tatu, na fundo la lori la kuvutia ambalo ninalijua hata gizani. Fundo halikulegea. Kilicholegea ni siti. Ile ni sponji. Unapokaza, unaikaza sponji, na kila tuta la barabarani sponji inajibonyeza zaidi na kamba inabaki kama kamba ya kuanikia nguo. Tulipofika nusu ya njia kwenye barabara ya 10, sledi ilikuwa imehama mpaka skii ya kulia ikapanda kwenye nundu la tairi. Nalo bonde hili la Red River ni tambarare tupu, hakuna mti wa kuzuia upepo wa ubavu.

Tumia mikanda ya racheti, ile yenye mkono wa chuma unaolia krr-krr unapokaza. Soma kibandiko chake. Utakuta namba mbili: ya kukatikia na ya kufanyia kazi, na ya kufanyia kazi kwa kawaida ni theluthi ya ile nyingine. Mkanda wa inchi moja ulioandikwa pauni 1,500 kwa maandishi makubwa, kazi yake halisi ni pauni 500, yaani kilo 227. Muuza duka atakutajia ile kubwa.

Kwa nini hiyo ni muhimu? Sheria ya Marekani kwa magari ya biashara inataka mzigo ufungwe kiasi cha kuhimili breki inayousukuma mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa ubavuni na kwa nyuma. Gari lako si la biashara, lakini breki haziulizi leseni. Kwa sledi ya kilo 220 hiyo ni kama kilo 176 zinazoikimbilia kabini na 110 zinazoelekea pembeni. Mikanda minne ya inchi moja, ikiwa mizima na imevuta pande zote, inatosha na kubaki.

Maneno "imevuta pande zote" ndiyo kazi yenyewe. Mimi naanza na skii. Mkanda wa kwanza unatoka kwenye mguu wa skii ya kushoto, pale chuma kinaposhikana na skii, si kwenye ile pete ya plastiki ya kunyanyulia, kwenda kwenye pete ya kona ya mbele kushoto. Wa pili vivyo hivyo kulia. Hiyo inazivuta skii mbele na chini. Kisha kwenye miguu hiyohiyo natoa mikanda mingine miwili kurudi nyuma, kwenye pete za kona za nyuma za bodi. Ukisimama pembeni utaona kila skii ina mkanda unaoivuta huku na mwingine unaoivuta kule. Hapo sledi haina pa kwenda. Uzuri wa miguu ya skii ni kwamba iko chini ya springi: sledi inaruhusiwa kupumua juu ya shokapu zake na mikanda hailegei.

Nyuma napitisha mkanda wa tano kwenye bomba la bampa la sledi, ncha zake zikienda kwenye pete za nyuma kushoto na kulia. Huu nakaza mpaka springi za nyuma zishuke kidogo, labda theluthi ya safari yake, basi. Ukizikandamiza mpaka mwisho, kila pigo la barabara linakwenda moja kwa moja kwenye fremu na kwenye mkanda. Wapo wanaoteremsha mkanda huu nje, kupitia ukingo wa mlango hadi kwenye kichwa cha tela. Mimi sipendi, kwa sababu unauongezea mlango mzigo wa mvutano juu ya ule wa uzito, na ukingo wa bati unaukata mkanda taratibu bila wewe kuona.

Usikaze kwenye usukani, wala kwenye kioo, wala kwenye rafu ya mizigo ya nyuma kama ni ya plastiki. Mahali popote mkanda unapokunja kona kali, weka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Halafu usokote kila mkanda mzunguko mmoja kabla ya kukaza. Mkanda ulionyooka bapa hutetemeka kwenye upepo na kulia kama nzi mkubwa kilomita zote sabini, na unapotetemeka unajilegeza. Ncha zinazobaki zifunge, zisije zikaingia kwenye tairi.

Kosa la tatu lilikuwa dogo na ndilo lililonigharimu fedha. Sledi za kabureta zina koki ya mafuta kama pikipiki za zamani. Sikuifunga. Mtikisiko wa barabara uliendelea kuchezesha ile sindano ya kabureta, petroli ikapita, ikajaa chini ya injini. Kesho yake nilivuta kamba ya kuwashia mpaka bega likauma, fundi akaja akatoa plagi, petroli ikaruka. Funga koki. Chomoa ufunguo na ile kamba ya kuzimia. Kama ina breki ya kuegeshea, iweke, traki isizunguke.

Mkia ukitokeza nje sana, funga kitambaa chekundu. Kwenye majimbo mengi kipimo ni futi 4, yaani mita 1.2, nasi hatufiki huko, ila mimi nakifunga hata kwa sentimita 30. Mlango ukiwa umelala huwezi kujua anayekufuata kwenye theluji inayopeperuka anaona nini. Namba ya gari na taa za breki zionekane.

Kabla ya kuondoka angalia upepo wa matairi. Kila joto linaposhuka kama nyuzi 5 na nusu za selsiasi, tairi hupoteza karibu psi 1 ya upepo. Tairi uliyoijaza gereji kwenye nyuzi 15, ukitoka nayo nje kwenye 25 chini ya sifuri, imepungua psi 7 bila kutobolewa, na sasa unataka kuibebesha mzigo.

Simama baada ya kilomita 10 au 15. Hapo mikanda mipya imenyooka na sledi imeketi, na utashangaa racheti inakubali meno mawili au matatu zaidi. Baadaye kagua kila unaposimama. Na mtu asikae nyuma kushikilia. Nasema hivyo kwa sababu jirani yangu alijitolea kwa moyo safi siku ile, nami kwa sekunde moja nilikubali, maana mimi mwenyewe nimesafiri miaka juu ya magunia. Halafu nikakumbuka kwamba nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Kushusha ni kinyume chake, na kidogo ni hatari zaidi kwa sababu watu wanakuwa na haraka. Funga rampu kwanza, ndipo ulegeze mikanda, ile ya skii mwisho. Sledi yangu ya zamani haina rivasi, kwa hiyo naivuta kwa bampa ya nyuma mpaka ifikie ukingo, kisha winchi inaiteremsha polepole kwa kuachia jino moja moja. Wakati huo wote wamesimama pembeni. Kilo 220 zikiamua kushuka, zinashuka.

Barabara za huku zinamwagiwa chumvi, na sledi yako imeioga njia nzima, kwa sababu upepo unaozunguka nyuma ya kabini unaitupa humo. Turubai iliyobana inasaidia. Iliyolegea inapigapiga na kukwaruza rangi, bora usiwe nayo. Ukifika, mwagia maji ya vuguvugu kama una gereji yenye joto. Mikanda yangu naiosha kwenye ndoo na kuitundika juu ya hita. Racheti iliyolala na maji usiku mmoja kwenye baridi hii huganda ikawa jiwe, na asubuhi utasimama uwanjani ukiipulizia pumzi za mdomo kama mtu anayembembeleza mtoto ale uji.

Jirani naye kanunua yake mwaka jana. Anapakia mwenyewe na kwanza kabisa anafunga rampu, ananitazama, halafu anaipiga teke.